Roketi ipo mezani, taa ikajiwakia yenyewe

Jana baada ya isha mie na mdogo wangu tumekaa ukumbini hapa Mwanakwerekwe na kiroketi chetu, ndani mna kompyuta mbili ndogo, moja ikifeli nyengine itoe parachuti, sasa pahala pa baruti ya kusukumia parachuti tukafunga vitaa vya tochi maana bi mkubwa kalala chumba cha pili na sitaki kesi. Tukazitia kompyuta kwenye chupa kubwa ya achari, tukavuta hewa kwa bomba la sindano, na kwa vile zinajua zipo juu kwa hewa kupungua, zikadhani zishapaa, taa zikawaka vizuri tu. Dogo akawasha kile kirusha mawimbi cha GPS, cha kutwambia roketi ipo wapi, cha megahezi 433. Khaa! Kitaa kimoja kikawaka hapo hapo, na hewa hata hatujavuta!! Ingekuwa baruti je? Kumbe waya wa kitaa una sentimita 17 hivi, na antena ya robo wimbi (urefu wake robo ya wimbi moja) ya 433 ndo urefu huo huo, yani tumeunda antena bila kujua, ikanasa mawimbi. Nikazifupisha waya nikazisokota pamoja, kirushaji tukakihamishia puani mwa roketi kabisa mbali na kompyuta. Tumejaribu mara 11, kimya. Dogo anataka turushe kesho, nkamwambia yakhe tulia, kibali kwanza.