Chumba cha pili

"Huyu dada anayeimba yuko chumba cha pili?" mjomba aliniuliza, tukiwa kwake tunasikiliza albamu ya Slowdive.

"Hapana mjomba, ndivyo walivyorekodi."

"Basi wangemfungulia mlango."

Akamalizia chai yake, akarudi kwenye habari za mnada wa korosho. Mimi sikurudi popote. Wiki hii dada yangu amejifungua salama pale hospitali ya Ligula, hapa Mtwara, mtaa wetu wote wa Shangani tumelala gizani, bei ya korosho imewanunisha watu mpaka misikitini, ila kichwani mwangu kuna mlango tu.

Albamu mnaijua, nimeshawachosha nayo: Souvlaki ya Slowdive, bendi ya Reading, Uingereza. Ilitoka 1993 chini ya kampuni ya rekodi ya Creation, nyimbo kumi, kama dakika arobaini hivi. Kusemwa vibaya haikuanzia Mtwara. Ilipotoka tu, mwandishi mmoja wa Melody Maker, gazeti la muziki la Uingereza, aliandika kwamba ni heri azame kwenye bafu lililojaa uji kuliko kuisikiliza tena. Uji! Ule uji haujawahi kuniuma, kwa sababu haukuambii lolote. Hujui kilichomchosha ni magitaa, ni sauti au ni mwendo wa ngoma. Vilevile wanaosema "nyimbo zote zinafanana", au "nzuri ya kulalia". (Huyu wa kulalia ananikera zaidi, maana anaamini amesifia.)

Lakini mjomba amepiga besi kwenye bendi za dansi. Masikio yake yamekulia kwenye muziki ambao solo ina mahali pake, rithim pake, besi pake, na mwimbaji yuko mbele kabisa, kila neno linasikika hadi nje ya ukumbi. Mtu wa namna hiyo akikwambia mwimbaji yuko chumba cha pili, hajatukana. Amepima.

Maana sikio linajua mtu yuko mbali kwa kulinganisha sauti inayokuja moja kwa moja na ile inayokuja baada ya kugonga kuta. Mwangwi ukizidi sauti yenyewe, mwimbaji amerudi nyuma. Halafu kuna ile nafasi ndogo kabla mwangwi haujaanza, ambayo mafundi wengi wa studio za huku hawaigusi kabisa. Ukiiacha milisekunde 30 au 40, neno linatangulia na mwangwi unafuata, kwa hiyo hata ukimpa ukumbi mkubwa, mwimbaji anabaki mbele. Ukiiweka sifuri, neno na mwangwi vinatoka pamoja, anazama. Na ukuta hula sauti kali kabla ya nzito. Kata kila sauti nyembamba, kuanzia hezi 3,000 kwenda juu, ambako ndiko s, t na k zinakopata makali yake, utakuwa umemfungia mtu ndani hata kama ameimba mdomo ukigusa maikrofoni.

Slowdive wana magitaa matatu: Neil Halstead, Rachel Goswell na Christian Savill. Yanapitishwa kwenye vifaa vya mwangwi na dilei (kile kinachorudiarudia sauti), mashine ya Yamaha FX500 ikiwamo, mpaka mgongano wa ukucha na uzi unapotea na kinachobaki ni mkia wa sauti. Mikia mitatu ikilaliana inajaza eneo lilelile la sauti ya binadamu. Juu ya hapo sauti za waimbaji zimeshushwa kwa makusudi. Wangemfungulia mlango! Mjomba, mlango ule umefungwa na mwenye nyumba.

Hayo yote nilikuwa nimeshayapanga ya kumjibu, kwa hasira kidogo, hadi nilipofika kwake tena nikaitazama sabufa yake. Spika zote mbili ndogo zimebananishwa juu ya kabati. Sabufa yenyewe imesukumwa pembeni kwenye kona, na kitufe cha besi kimezungushwa hadi mwisho. Kona inaongeza besi bila kuombwa, na besi ikizidi inafunika kila kilicho juu yake. Spika zikikaa pamoja, magitaa yaliyotengwa kushoto na kulia yanamwangukia mwimbaji wa katikati. Na faili limebanwa hadi kilobiti 96 kwa sekunde, limeshapita kwenye simu za watu wengi. Kwenye kiwango hicho mikia ya mwangwi inakatwakatwa na simbali zinatoa sauti ya majimaji.

Basi nikaivuta sabufa mbali na kona. Besi nikairudisha chini ya nusu. Spika nikazishusha hadi usawa wa sikio, nikazitenganisha kiasi kilekile cha umbali wa kiti chake, zikimtazama yeye. Nikaweka flashi yenye faili la kilobiti 320, lisilobanwa sana. Ukiisikiliza albamu hii, sauti isiwe ya chini mno, maana ikipungua sana sikio linapoteza besi na makali kwa pamoja, kinabaki kile cha katikati, ambacho hapa ndicho kilichojaa ukungu.

Mjomba hakusema kitu nyimbo tano nzima. Hata zile mbili ambazo Brian Eno, yule mtayarishaji wa muziki, ameweka mkono wake hazikumtikisa. Wimbo wa sita, ule wa dilei nzito, akainua kidole.

"Huyu wa besi anajua kunyamaza."

Nilifurahi hadi nikaona haya. Watu wameisifu albamu hii kwa maneno makubwa, hasa tangu bendi iliporudi jukwaani 2014, na sijaona aliyesema hivyo kuhusu Nick Chaplin, mpiga besi wao. Tukaenda hivyo mpaka wa kumi, ambao ni gitaa kavu na sauti ya Halstead karibu kabisa, magitaa ya ukungu yamewekwa kando.

"Na huyu kijana alikuwa wapi siku zote?"

Sikumjibu. Ameomba nimwachie flashi.

Sasa mvua imeanza kunyesha Newala, na magunia ya korosho za mama bado yako barazani kwa sababu ghala limejaa. Zikilowa zinashuka daraja, na turubai lililopo limetoboka upande wa kusi. Nimempigia mama tangu asubuhi, simu haipatikani.