Ukungu wa Marsabit
Jamani, mlioniambia nibebe koti nikienda Marsabit, kaskazini mwa Kenya, samahani kwa kuwacheka. Kutoka mji wa Laisamis ni vumbi, mawe meusi ya volkano na ngamia, joto hadi kiti cha basi kinachoma. Halafu barabara inapanda, na asubuhi yake naamkia ukungu! Msituni miti imeota ndevu za kijivu, matone yanadondoka utadhani mvua ilinyesha usiku. Kumbe ni mlima wenyewe, mita 1,700 hivi: upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukiugonga hupanda, hupoa, maji yakabaki majanini. Ziwa Paradise limejaa ndani ya kasoko, yaani shimo la volkano, wenyeji huita gof. Upande wa pili, jangwa la Chalbi, chumvi tupu. Koti nimenunua la mtumba, sokoni. Linanibana mabega.