Ukoka uligoma chini ya mwembe, nyasi bandia zikakaa

Ukoka hufa kivulini kwa kukosa jua. Kupanda tena ni kutupa hela. Nyasi bandia zilimaliza tatizo, ila kazi kubwa iko chini yake. Chimba sentimita 7 bila kukata mizizi minene. Mizizi ikizuia kuchimba, inua usawa wa eneo. Mwaga kokoto ndogo sentimita 5, vumbi la mawe sentimita 2, lowesha, shindilia, acha mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita. Zege usithubutu: mti utakosa maji na hewa. Kuzunguka shina acha wazi sentimita 30. Vipande vyote vya nyasi bandia vielekeze manyoya (nyuzi zake) upande mmoja, la sivyo maungio yataonekana hata ukitumia utepe na gundi nzuri. Kivulini unyevu hukawia kukauka, majani yakioza ukungu huanza. Fagia mara kwa mara.