Bafle kwanza, ampli baadaye

Ukiingia dukani hapa Goma kutafuta muziki wa nyumbani, muuzaji atakutajia wati kwanza. Usizifuate. Tazama namba mbili nyuma ya bafle (spika): omu, yaani ukinzani wake kwa umeme, na desibeli, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa kiasi fulani cha umeme. Bafle ya desibeli 90 hutoa sauti sawa na ya desibeli 87 kwa nusu ya umeme tu. Na ampli (kikuza sauti) iliyoandikwa omu 8 peke yake, ukiifungia bafle za omu 4, inaweza kuchemka, kisha izime au iungue.

Nenda na rumba unayoijua hadi pumzi za mwimbaji. Isikilize dakika 20, kwa sauti ya maongezi. Gitaa la solo likianza kuchoma masikio, ziache hizo bafle hata kama besi yake inatetemesha kaunta. Nyumbani utazizima mapema kila jioni.

Nyumba ya mbao, na Goma ziko nyingi, huimba pamoja na besi: ukuta unavuma, gitaa la besi linakuwa tope. Sogeza bafle sentimita 50 kutoka ukutani, uziweke juu ya mawe bapa ya volkano yaliyotandikiwa kitambaa, twita (spika ndogo za sauti nyembamba) zilingane na masikio yako ukiwa umeketi. Bafle mbili na kiti chako vifanye pembetatu ya pande sawa.

Besi ikipotea ghafla baada ya kufunga waya, mara nyingi nyekundu na nyeusi zimepishana kwenye bafle moja. Geuza hiyo moja tu.

Kuran (umeme) ya huku hupanda na kushuka, kwa hiyo pesa ya stabilizateri, kifaa cha kuutuliza, itengwe mapema.