Dakika Tatu kwa Kila Mchoro: Daftari Langu Mlima Meru

Siku ya kwanza nilichora, nikafuta, nikachora tena, huku msafara mzima ukinisubiri. Mlima Meru hupandi peke yako. Kwa sababu ya nyati na tembo, unatembea nyuma ya askari wa hifadhi mwenye bunduki, na ukisimama wewe wamesimama wote. Tulikuwa kwenye ule mtini maarufu ambao mizizi yake imeacha upenyo wa gari kupita, nami nimeng'ang'ania kuuchora mzizi mmoja baada ya mwingine.

"Dada, giza likitukuta hapa utachora nini?" askari akauliza.

"Samahani, afande." Nikafunga daftari.

Jioni kwenye kibanda cha Miriakamba, mita 2,514, nilijiwekea masharti. Nitachora tu wakati wenzangu wanakunywa maji, yaani kama dakika tatu. Nitachora kitu kimoja. Rangi sitapaka, nitaziandika kwa maneno. Ndiyo maana kurasa zangu zimejaa vitu kama "jivu la mkaa", "mchicha uliopitiliza motoni", na ile mimea iliyoning'inia kwenye matawi ya msituni nimeiandikia "nyuzi za katani, ila za kijani". Mpaka leo nikisoma hayo naona rangi yenyewe kuliko kwenye picha za simu.

Jioni hiyohiyo nyati walikuwa wakila majani karibu na kibanda. Nikamchora mmoja, nikajisifu moyoni. Afande akachungulia.

"Huyu ni jike."

"Ni dume. Si yule pale?"

"Yule ni dume, lakini wako ni jike. Dume pembe zinakutana hapa, zinakuwa kama kofia ngumu." Akajigonga paji la uso. Akaomba penseli, akaziunganisha pembe kwa mistari miwili mizito. Nyati akabadilika papo hapo, akawa na hasira. Huo ndio mchoro bora wa daftari zima, na nusu yake si yangu.

Kuhusu vifaa, nilibeba kwa ushamba: boksi la rangi za maji, brashi tatu, kalamu za wino. Kwenye kibanda cha pili, Saddle Hut, mita 3,570, niliacha kikombe cha maji nje ili nipake rangi asubuhi. Nikakuta kimeganda juu. Kalamu nazo zikawa zinaandika herufi moja na kuruka mbili. Penseli ya 2B haikunisumbua hata mara moja. Glavu nilizikata ncha za vidole viwili, na daftari nililifunga kwa kitambaa cha mwavuli mbovu, maana mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu 2019, na kusema kweli mwavuli unafaa zaidi.

Tuliondoka kuelekea kileleni saa saba usiku. Kileleni kwenyewe sikuchora kitu, nilikuwa natapika. Lakini kabla ya hapo, kulipopambazuka tukiwa ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano, Kilimanjaro ilitokeza juu ya mawingu upande wa mashariki. Nilichora mistari mitatu tu: mawingu, mlima, jua. Wa mlima una kona ya ajabu pale mkono ulipotetemeka. Sikuufuta.

Nyumbani Arusha nilimwonyesha mama. Akafungua ukurasa wa Miriakamba, ambako Meru inaonekana kama bakuli lililopasuka upande mmoja.

"Mwanangu, huu si Meru. Meru una ncha."

"Mama, hapo nimeuchora kwa ndani. Upande wa mashariki uko wazi, ila sisi huku mjini hatuuoni."

Akainuka na daftari hadi dirishani, akautazama mlima, akaitazama karatasi, akautazama mlima tena.

"Miaka yote hii," akasema, "kumbe tunaangalia mgongo."