Unasoma Kijapani? Shika brashi kwanza

Kama unasoma Kijapani na mpaka leo herufi シ (shi) na ツ (tsu) zinakuchanganya, weka pembeni zile app za kukariri, tafuta brashi. Sitanii. Kwenye simu hizo herufi ni mapacha kabisa, ila ukiziandika kwa mkono tofauti inajianika yenyewe, シ mstari wa mwisho unatoka chini unapanda, ツ unatoka juu unashuka. Na brashi haina siri, pale ulipoanzia panakuwa pazito na pale ulipomalizia panachongoka, mtu hata kama hakukuona ukiandika anajua mkono wako ulipita wapi.

Hiyo ndo shodo, sanaa ya Kijapani ya kuandika kwa brashi. Japani watoto wanaanza kufundishwa shuleni darasa la tatu, kwa hiyo usidhani ni mambo ya watawa wa milimani tu.

Vifaa ni brashi (fude), wino (sumi), jiwe la kusugulia wino (suzuri) na karatasi nyepesi inaitwa hanshi, andikia ule upande laini. Sumi ya asili ni masizi yamechanganywa na gundi ya wanyama yakakaushwa yakawa kipande kigumu, unakisugua na maji kidogo kwenye jiwe mpaka maji yawe meusi tii. Inatuliza akili kweli, lakini kwa anayeanza mi naona anunue tu ule wa chupa, bokuju, hata wanafunzi wao wanautumia. Hela weka kwenye brashi. Na vaa tisheti ambayo huionei huruma maana sumi ikishaingia kwenye nguo, basi tena.

Sasa kazi yenyewe. Simamisha brashi wima, kiwiko kisilale mezani, mkono mzima ndo utembee sio vidole. Anza na 一 (moja), mstari mmoja tu wa kulala. Utacheka, ila jaribu: ncha unaiingiza kwa mshazari, unatulia kidogo, unavuta kwenda kulia huku ukipandisha kiduchu, ukifika mwisho unakandamiza, unarudi nyuma nukta moja ndo unainua. Huko kusimama kunaitwa tome. Kuna na hane, unarusha ncha, na harai, unapunguza uzito taratibu mpaka mstari unaisha wenyewe, na hii harai ndo itakutoa jasho. Ukizoea nenda 永 (milele), ina mistari mitano tu lakini wanasema imebeba mbinu zote nane za msingi, ndo maana walimu wanaipenda.

Mstari ukiharibika usiupitie mara ya pili, inaonekana tu. Chukua karatasi nyingine.

Kingine ni mpangilio wa mistari. 左 (kushoto) unaanza na mstari wa kulala, 右 (kulia) unaanza na ule wa mshazari, yaani kona ile ile ya juu lakini mwendo tofauti, na kwa kalamu unaweza ukapuuzia mwaka mzima usishtuke, kwa brashi umbo linakataa kukaa sawa.

Wengi wanakimbilia sosho, ule mtindo wa mbio, sababu ndo unapendeza Instagram. Mi nasema kaisho kwanza, ule mtindo wa kawaida wa mstari kwa mstari. Sosho utaifurahia baadaye, siku utakayoandika 安 harakaharaka ukaona あ (a) imetokea, maana hiragana, zile herufi za sauti za Kijapani, zilitoka humo humo.