Apdeti zinagoma, bakapu inakwama, apgredi inakataa: nilianza na kuzima kompyuta

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu tunaotegemea kompyuta moja kwa kila kitu. Yangu ni desktopu ya mtumba, RAM GB 8, SSD ya GB 256 iliyojaa mpaka pomoni, nachapia kazi za watu na kuediti video za harusi. Ilifika mahali apdeti za Windows haziishi, kila siku inadai kuristati, bakapu inakwama katikati, na apgredi ya kwenda Windows 11 inakataa. Fundi mmoja akaiangalia kidogo tu akaniambia "kaka hii tupige Windows upya, tufute kila kitu." Nikamwambia asante bro ngoja kwanza, maana humo kuna video za watu na harusi ya mtu hairudiwi.

Nilianza na kuzima, na ndo ninachowashauri wote muanzie hapo. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ikifunguka nenda Performance halafu CPU, angalia palipoandikwa Up time. Mimi kila jioni nazima kabisa lakini pale inasoma siku kibao, kana kwamba haijawahi kuzimwa! Sababu ni kitu kinaitwa Fast Startup, kwenye mashine nyingi kinakuja kimewashwa tayari. Ukibonyeza Shut down Windows inafunga programu zako tu, kile kiini chake chenyewe inakihifadhi kwenye diski ndani ya faili la hiberfil.sys, kesho inakirudisha kama kilivyokuwa ndo maana inawaka haraka. Sasa kuna apdeti ambazo haziwezi kumalizika mpaka mashine izime kweli au iristati, Microsoft wenyewe wameshaeleza hilo, kwahiyo wewe unazima unawasha unazima unawasha na apdeti iko palepale. Ajabu ni kwamba Restart ndo inazima kikamilifu kuliko Shut down.

Dawa niliyotumia: andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, raiti kliki uifungue kama administreta, halafu powercfg /h off na enta. Hapo Fast Startup inakufa na lile hiberfil.sys linafutika, kwangu zikarudi GB kama tatu hivi za bure ambazo nilikuja kuzihitaji mbele. Ila ujue haibaneti (ile ya kuzima huku kazi zako zimebaki wazi) nayo inaondoka, kwahiyo wa laptopu fikirieni kwanza, mnaweza mkatumia njia ya kushikilia Shift wakati wa kubonyeza Shut down, inazima kweli kwa mara hiyo moja. Nikaristati, apdeti zote zilizokuwa zimeganda zikaingia.

Bakapu sasa. Diski ya nje ilikuwa na nafasi tele lakini video kubwa zinakataa, inasema faili ni kubwa mno. Tatizo diski ilikuwa imefomatiwa FAT32 (mtindo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye diski) ili isome kwenye TV, na FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4 hata diski ikiwa tupu. Nikaigeuza iwe NTFS, mtindo unaobeba mafaili makubwa, kwa kuandika kwenye ileile cmd convert E: /fs:ntfs (E ni herufi ya diski yangu, angalia ya kwako), hii haifuti vilivyomo, lakini kama kuna kitu cha muhimu kitoe kwanza, umeme ukikatika katikati hakuna wa kumlaumu. Halafu badala ya kopi na pesti nikatumia robocopy, amri ya kukopi mafaili iliyomo ndani ya Windows, na kuongeza /E /R:1 /W:1. Hizo mbili za mwisho usiziache jamani, bila hizo ikikutana na faili bovu inarudia mara milioni moja na kila mara inasubiri sekunde 30, unaamka asubuhi iko palepale. Na /MIR achana nayo kama huielewi vizuri, inafuta kule unakopeleka kila ambacho huku hakipo. Nikishamaliza huwa nafungua video kadhaa kutoka kwenye ile diski na kuzicheza, bakapu ambayo hujaifungua mimi siihesabu.

Apgredi ilikuwa lazima, Windows 10 sapoti yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ilikuwa inaleta 0x80070070, hiyo maana yake nafasi haitoshi, nikahamisha video zilizokwisha kupata bakapu na zile GB za hiberfil nazo zikasaidia. Ikadai TPM 2.0, kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakitaka. Prosesa yangu ni Intel ya jenaresheni ya nane, TPM imo ndani ila imezimwa, unaingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla Windows haijawaka) unawasha panapoandikwa PTT, kwa AMD ni fTPM. Kabla ya kugusa BIOS angalia kama BitLocker (ile inayofunga diski kwa siri) imewashwa, kama ndiyo andika zile namba 48 za rikavari kwenye karatasi, usizitunze ndani ya kompyuta hiyohiyo.

Ikapita. Printa ikagoma mwanzoni, nikaweka draiva mpya kutoka kwa watengenezaji wake ikakubali. Folda la Windows.old linakula nafasi lakini sikuligusa haraka, ndo linalokuruhusu kurudi Windows 10 ndani ya siku 10. Nilipoona printa, programu ya kuediti na skana vyote vinafanya kazi ndo nikalifuta kwa Disk Cleanup.